Tala ya Hanulka

Zapłocie, Jumapili, 30 Mei 1920

Jura wangu,

Kabla hujasoma zaidi, kaa chini. Umekaa? Una binti. Alizaliwa Jumatano asubuhi wakati mama yako anakamua, kwa hiyo mimi na ng'ombe tulikuwa tunapiga kelele pamoja. Mama akaingia na ndoo mkononi, akasema, "Haya, yupi kati yenu ananitaka kwanza?" Ana nywele nyeusi, na kidole gumba kimepinda kama chako. Nimemwita Hanulka, kama tulivyopatana.

Maji yake ya kwanza ya kuoga tuliyatilia ile sarafu ya zamani ya bibi yako, ile tala, kama ulivyoagiza. Nilikuwa sijawahi kuiangalia vizuri. Fedha tupu, nzito, na yule bwana mwenye ndevu aliyevaa kola kama kabichi iliyofumuka. Mama anasema ndiye aliyekuwa mtawala wa Cieszyn zamani, enzi nchi hii ilipokuwa na mwenyewe. Siku hizi Wapolandi wanaivuta huku, Wacheki wanaivuta kule, na sisi ndio kitambaa chenyewe.

Baada ya kuoga, mama aliishona tala kwenye nguo ya kumfungia mtoto, juu ya moyo. Ameniapisha isitoke mpaka abatizwe. Nikamwuliza, ikitoka je? Akasema, "Wale wanawake wa bondeni si watu, hawapigi hodi. Wanachukua mtoto wako, wanakuachia wao." Alisema kama mtu anayekueleza chumvi iko wapi.

Ubatizo tunakungoja wewe. Sitaki mtu mwingine amshike mwanangu mbele ya mchungaji.

Wale jamaa walipita tena juzi jioni wakikutafuta. "Yuko wapi mbandika matangazo ya Wapolandi?" Tukazima taa, tukakaa kimya kama nyumba haina watu. Hanulka akaanza kulia, ikabidi nimzibe kwa kiganja, Jura, mtoto wa siku mbili. Sasa mama anachemsha vichwa vikavu vya maua ya mpopi, vile vinavyobaki tukishatoa mbegu za keki ya Krismasi. Kijiko kimoja cha maji yake, mtoto analala kimya. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Usiucheke mwandiko wangu. Namwandikia mume, siwaandikii maprofesa.

Wako, Zuzka


Skoczów, 9 Juni 1920

Mama Hanulka,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana kwenye kiwanda hiki cha ngozi pa kukaa hakuna. Niliposema nina binti, wenzangu walinimwagia bia kichwani. Mmoja akaniambia, "Pole, sasa utalindwa na wanawake watatu."

Usimwambie mtu niliko. Kotasowa muuza jibini anajua, na anatosha. Barua zipite kwenye kikapu chake, chini ya jibini, si kwingine.

Tala usiitoe. Najicheka mwenyewe kuandika hivi, mwanamume wa mikutano na bendera, lakini usiitoe. Kwetu kuna mambo sijakusimulia, na si ya kuandika. Iache hapo ilipo. Nitakuja kumbatiza kwa mikono yangu.

Jura


Zapłocie, 21 Juni 1920

Jura wangu,

Hanulka ameanza kucheka. Mama anasema ni gesi tu tumboni. Basi ni gesi inayonipenda sana.

Ila nina jambo. Wiki iliyopita alikuja mgeni kuomba maji ya kunywa, mpima ardhi wa ile tume ya mataifa inayoamua nchi hii iende kwa nani, Mfaransa, jina lake bwana Fauvel. Anapanga nyumbani kwa mwalimu. Lugha yetu anaisema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Akamwona mtoto, akaona mviringo kwenye nguo, akainama.

"Mama, unajua una nini hapo?"

"Najua," nikasema. "Mtoto."

Akacheka, akaomba radhi, akaomba aone. Nilifumua ncha ya mshono tu, tala sikuitoa, naapa. Jura, yule mtu alipiga magoti kwenye sakafu yangu. Alisema tala za mtawala huyu zilifuliwa chache, nyingi zikayeyushwa vitani, na yeye maishani mwake ameona moja tu, nyuma ya kioo. Alitaka kuinunua. Nikamwambia hii si ya kuuzwa, ni ya mtoto. Alisimama, akapangusa magoti, akasema kwa upole kabisa, "Kila mtu hapa ana kitu anachokihitaji, mama. Ukikijua chako, niite."

Tangu hapo sina raha. Hakusema kwa ubaya, hilo ndilo linaloniogopesha.

Na jirani yetu Adam Szlaur ameokotwa karibu na kinu, amepigwa mpaka mkewe alimtambua kwa viatu. Eti walimdhania wewe. Nimepeleka supu. Mkewe aliipokea bila kunitazama.

Maji ya mpopi sasa tunampa vijiko viwili, kimoja hakimtoshi.

Zuzka wako


Skoczów, 29 Juni 1920

Zuzka,

Ishone ndani zaidi, na mgeni asiingie tena. Hujui watu walivyo siku hizi. Wakisikia nyumba ya Jura Heczko inatunza sura ya mtawala wa zamani, Wapolandi watasema tumegeuka, tunataka nchi irudi kwa mabwana wa Cieszyn. Wacheki watasema hivyo hivyo. Na wezi hawatasema kitu, watakuja tu.

Nimemwota Adam Szlaur. Alikuwa amevaa viatu vyangu.

Weka gunia la viazi nyuma ya mlango.

Jura


Zapłocie, 15 Julai 1920

Jura wangu, Jura wangu,

Pasua jibini taratibu! Katikati utakuta karatasi. Ni cheti cha tume, kina jina lako na mihuri mitatu, na kinasema mwenye nacho apite darajani asiguswe na upande wowote. Nimekibusu mpaka mama akaniambia nitakifuta wino.

Usiniulize nimekipataje. Njoo tu. Njoo Jumapili, nitakuwa nimeoka. Mchungaji nimeshamwambia, godoro nimeshalianika juani, na ile suruali yako nyeusi nimeitia kiraka pale ulipochanika ukiruka ua. Tukishambatiza, hofu itakuwa imekwisha, na yangu na ya mama.

Mtoto hana tatizo. Amekuwa mpole mno, analala mchana kutwa. Jirani mmoja ameniambia nimebahatika.

Njoo mapema, kabla hawajabadilisha mambo. Hapa kila asubuhi kuna amri mpya ukutani.

Zuzka wako anayekungoja


Skoczów, 23 Julai 1920

Zuzka,

Cheti nimekipata. Kimekaa mezani siku ya nane sasa, nakitazama.

Kotasowa ana mdomo, unamjua. Anasema Mfaransa alikuja kwetu mara mbili. Mara ya pili mama hakuwepo, na ulipomsindikiza hadi getini alikushika mkono kwa mikono yake yote miwili, nawe ulikuwa unalia.

Mihuri mitatu haitolewi kwa glasi ya maji. Ulimpa nini?

Sitavuka daraja kwa kitu nisichokijua. Nijibu kwa ukweli, au usinijibu.

Jura Heczko


Zapłocie, 29 Julai 1920

Jura,

Nilisoma barua yako kwenye zizi, maana sikutaka mama anione. Jina lako lote umeliandika hapo chini, kama unamwandikia karani.

Nilimpa tala. Umefurahi?

Nilipasua mshono kwa kisu cha viazi wakati mama yuko kwenye mavuno. Mtoto alikuwa amelala. Nilifikiri hivi: tala inamlinda mpaka abatizwe, hawezi kubatizwa mpaka uje, huwezi kuja bila cheti. Basi tala ilete cheti, cheti kikulete wewe, na wewe umlete kanisani Jumapili ileile. Siku nne tu bila fedha kifuani. Nani angejua? Nilishona kitufe cha koti lako mahali pake ili mama akipapasa asigundue. Na yule bwana alinishika mikono kwa sababu nilikuwa natetemeka, alidhani nitaanguka. Nililia kwa ajili ya tala. Nililia kwa ajili yako, mjinga wewe.

Na Jumapili hukuja. Nilikaa getini mpaka mkate ukawa mgumu.

Sasa nikueleze jambo la kweli, uache wivu. Hanulka ameharibika. Hataki kunyonya. Anafungua mdomo, anasahau. Kucheka ameacha kabisa. Macho yameingia ndani, ukimwita hayageuki, na akilia sauti yake ni nyembamba, kama mlango wa jirani unaolia kwa mbali. Jumatatu mama alimfungua kumwosha, akakikuta kitufe. Hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama mtoto muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ananitazama kama mtu mzima."

Mama anasema iko dawa yake ya zamani, inafanywa nje, asubuhi. Mimi naogopa. Niambie tu, Jura: nimtii mama au nisimtii? Ukisema nitafanya. Kichwa changu hakifanyi kazi tena.

Z.


Skoczów, 4 Agosti 1920

Zuzka wangu,

Nipige makofi ukiniona. Nilikaa na cheti mezani kama mpumbavu, na tala ya watu imekwenda kwa ajili yake. Juzi nilikimbia nacho hadi darajani. Askari alikisoma, akanirudishia, akasema, "Ndugu yangu, waliogonga mihuri hii wanafunga masanduku. Nchi imeshagawanywa. Hiki kimekufa." Nyinyi mmebaki upande wa Wacheki, mimi upande wa Polandi. Aliniambia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwa hiyo kosa ni langu, si lako. Usilie tena kwa ajili ya kipande cha fedha.

Kuhusu mtoto, mtii mama. Mimi nilipokuwa na kifaduro madaktari wa mjini walishanyanyua mikono, mama akanitembeza kwenye umande asubuhi na kuninywesha majani ya jozi, nikapona. Amelea saba. Atakachokuambia, kifanye.

Natafuta njia ya kuja. Nivumilie.

Jura wako, mjinga wako


Zapłocie, Jumatatu, 9 Agosti 1920

Jura,

Asante kwa kunijibu. Basi itakuwa Alhamisi, alfajiri, kwa kuwa na wewe umesema.

Nilikuwa nimekuficha jambo, nikidhani utanilaumu kwa kuitoa tala. Mama anasema huyu si Hanulka. Wale wa bondeni walikuja siku ile fedha ilipotoka. Anasema anawekwa kwenye mpaka wa mashamba mawili, chini, bila nguo, na anachapwa kwa vifimbo vya mti mweupe mpaka alie kwa nguvu. Mama yake halisi akisikia atakuja mbio kumchukua, na atamwacha wetu palepale. Hatakiwi kuguswa mpaka jua litoke, hata akinyamaza. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, anasema.

Mpaka upo, si mbali. Wapimaji wamepigilia vigingi vyao katikati ya malisho yetu, viazi vyetu viko huku na klova ya ng'ombe wa Szlaur iko ng'ambo. Mama anasema mpaka huu umewekwa na wakubwa wa dunia nzima, kwa hiyo una nguvu kuliko mipaka yetu ya zamani.

Kuanzia kesho hatumpi tena maji ya mpopi. Tumekuwa tukimpa asubuhi, mchana na jioni, lakini siku hiyo anatakiwa alie.

Nikimtazama naona kidole gumba chako. Mama anasema hata kidole wanajua kuiga.

Niombee.

Zuzka


Skoczów, Jumatano, 11 Agosti 1920, saa nane mchana

Zuzka, usifanye! Usitoke nje! Funga mlango, lala juu ya mtoto, mama apige kelele atakavyo. Mimi niliyesema mtii ndiye ninayesema usimtii.

Nilidhani ni umande na majani. Mungu wangu, nilidhani ni umande!

Sasa nakuandikia nisichotaka kukiandika. Nilikuwa na mdogo wangu, Pawełek. Nilikuwa na miaka sita. Alikuwa dhaifu, kichwa kikubwa, halii. Mama alimtoa nje mwezi wa Machi, kwenye mpaka wetu na wa kina Szlaur. Niliona dirishani. Hakumgusa mpaka jua lilipotoka, na jua lilipotoka alikuwa amekwisha kuwa baridi. Mama alirudi ndani akatuambia yule alikuwa mtoto wao, wamekataa kumchukua, wamemwacha hivyo kwa hasira, na Pawełek wetu anaishi bondeni, anakua. Mpaka leo analisema hilo. Akioka mkate humtengea kipande. Baba alifariki bila kumbishia. Ndiyo maana nilitaka tala ikae palepale, Zuzka. Wale wa bondeni sikuwahi kuwaogopa. Niliogopa mama apate sababu ya kumtoa nje na Hanulka.

Na jambo jingine. Mara tu niliposoma barua yako nilikimbia kwa mkunga wa hapa, Bi Pustówka. Aliposikia asubuhi, mchana na jioni, alijishika mdomo. Anasema maji yale ndiyo yanayomla mtoto. Yanamlaza, anasahau kunyonya, anakauka, na mengine kidogo tu angelala moja kwa moja. Anasema ameona wengi. Hakuna aliyembadilisha! Ni Hanulka, amelewa tu, masikini. Mwage yote, mpe titi kila akifungua jicho.

Kotasowa ameshaondoka, barua hii nampa mpwa wake, ana baiskeli. Lakini siiamini baiskeli. Nakuja mwenyewe kwa miguu, sasa hivi. Nitapita chini ya kinu, kwenye yale mawe, maji hayazidi kiuno. Ukiisikia miguu yangu kabla ya barua hii, usiogope, ni mimi.

Jura


Zapłocie, Alhamisi, 12 Agosti 1920, jioni

Jura wangu,

Nakuandikia nimelala kifudifudi, maana mgongo hauniruhusu kukaa. Ukiona mistari inapanda na kushuka ujue ni hivyo.

Tulikwenda. Ukungu ulikuwa mzito mpaka vigingi tulivitafuta kwa mikono. Mama alinionyesha mahali, nikamlaza. Nyasi zilikuwa baridi, akakunja miguu. Tangu juzi bila maji ya mpopi alikuwa anashtukashtuka na kutoa jasho, usiku kucha hakulala, na mimi pia. Mama akanipa vifimbo. Nikavishika, mkono haukunyanyuka. Nilijaribu, Jura, kwa sababu ulisema. Haukunyanyuka.

"Nipe," mama akasema. "Wewe ni mtoto bado."

Akainua. Hapo sikuamua kitu, nikajikuta nimemfunika. Nimeweka viwiko chini ili nisimlemee. Mama akasema, "Ondoka." Sikuondoka. Akanichapa mimi. Si kidogo. Alikuwa analia na kunichapa, anasema, "Ondoka, atasikiaje kama unamziba? Atasikiaje?"

Halafu zikalia risasi mbili, chini kule upande wa kinu. Na watu wakipiga kelele kwa Kicheki. Mama akaanguka kando yangu, tukalala chini kwenye nyasi zilizolowa, na Hanulka akaachia kilio ambacho sijawahi kumsikia tangu azaliwe. Kilio cha kuziba masikio. "Mnyamazishe!" mama ananong'ona, "watatuua sote, mnyamazishe!" Baada ya kutembea mpaka pale ili alie! Sikuwa na kitu ila titi. Nikampa. Akalishika, Jura. Akalishika kwa hasira, akanyonya mpaka nikauma kola yangu nisipige kelele.

Tulilala hivyo mpaka ukungu ukaanza kuwa mweupe. Mama alikuwa anamtazama akinyonya. Kisha akaniambia habari za Pawełek. Wewe hukuwahi kuniambia kwamba ulikuwa na mdogo wako. Anasema sasa ni kijana, ana miaka ishirini na minne, yuko bondeni, pengine ameoa hukohuko.

Nikamwuliza, "Mama, siku ile walimrudisha?"

Akasema, "Walinirudishia nani? Nilibaki na yule aliyekufa."

"Basi umejuaje kuwa hakuwa Pawełek?"

Alikuwa anang'oa nyasi, anazipanga gotini. Akasema, "Kwa sababu kama yule wa bondeni si wangu, Zuzka, basi mimi nilifanya nini?"

Nilimshika mkono, tukarudi nyumbani, jua lilikuwa halijatoka. Sasa amelala na uso ukutani. Kabla ya kulala aliinuka akatia maji ya mpopi yote kwenye majivu, bila kuniambia neno. Nami sikutaka kumpa mtoto tena. Amelia mchana wote, na akilia ananyonya. Jioni hii jamaa wakipita wasikie, shauri yao. Mimi nataka nimsikie.

Sijui kama ni Hanulka. Nakuambia ukweli, maana uongo umetuchosha. Saa nyingine namtazama naona ni yeye, saa nyingine mwili unanisisimka. Lakini nimewaza hivi pale kwenye nyasi. Kama ni wangu, namlea. Kama ni wao, basi wangu yuko kwao, ana njaa, na kuna mwanamke huko anamtazama kama ninavyomtazama huyu, anajiuliza ampe au asimpe. Nikimpa wake, naye atampa wangu. Kwa hiyo kwa vyovyote nampa.

Kotasowa amepita kuchukua barua hii. Anasema, yeye hajamwona ila ameambiwa na askari, zile risasi walimpigia mtu aliyekuwa anavuka kwenye mawe chini ya kinu, anatokea upande wenu. Wamempata mguuni. Wamemfungia kwenye ghala la shule na hataki kusema jina lake, pengine anaogopa watu wake wasumbuliwe. Anaomba maji tu. Masikini, na yeye ana mama mahali. Nimemshukuru Mungu kwamba wewe uko Skoczów, umekaa salama kwenye ngozi zako zinazonuka.

Nimempa Kotasowa nusu mkate, jibini na ile suruali yako nyeusi, maana anasema yule mtu amelowa na yake imechanwa na risasi. Usinikasirikie kwa suruali. Nimewaza vilevile kama kwa mtoto: nikimvisha wa mwenzangu, mahali fulani mwenzangu atamvisha wangu.

Zuzka wako